Eti mwenye njaa hana miiko? Miaka mitatu nagawa chakula cha msaada Phoenix, njooni tuongee

#1 Chungwa_la_Muheza (mleta uzi)

Habarini wakuu, heshima kwa wakubwa humu ndani.

Kila mara naona mtu anatupia picha ya foleni ya magari Marekani watu wanasubiri chakula cha bure, alafu comments zinajaa kejeli, "kumbe na wao njaa", kisha uzi unakufa. Mimi niko huku Phoenix, Arizona, kazi yangu ni ya ghalani usiku, Jumamosi najitolea kwenye kituo kimoja cha kanisa kinachogawa chakula. Sio bosi pale. Nashusha mizigo na natafsiri, maana wateja wetu wengi ni ndugu zetu Wakongomani waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma na makambi ya Uganda, Kizungu bado kinawapiga chenga. Nilianza kiangazi cha 2023, ile ya siku 31 mfululizo joto nyuzi 43 kwenda juu, watu wanakuja kupanga foleni saa kumi na moja alfajiri wakimbie jua.

Kwanza niwatoe tongotongo, benki ya chakula sio pale unapoenda na kikapu. Benki yenyewe ni ghala, kubwa kama godauni za bandarini, majokofu ya kuingia na forklift ndani. Supermarket, viwanda, wakulima na serikali wanashusha huko, alafu vituo vidogo kama chetu, makanisa, misikiti, mashule, vinaenda kuchukua na kugawa. Mtandao mkubwa unaitwa Feeding America, una mabenki kama 200 na vituo karibu 60,000 nchi nzima.

Na ya kwanza kabisa duniani ilianzia hapa hapa Phoenix mwaka 1967, mzee mmoja anaitwa John van Hengel. Alikuwa anajitolea kwenye jiko la kulisha masikini, akaona kwenye yadi za watu michungwa na mibalungi inaangusha matunda hamna anayeokota, akaanza kuzunguka kuyachuma apeleke jikoni. Baadae akakutana na mama mwenye watoto kumi aliyekuwa anawalisha kwa vitu vya kwenye mapipa nyuma ya supermarket. Yule mama ndiye aliyemwambia ingekuwepo sehemu kama benki, mwenye chakula cha ziada anaweka, asiyenacho anatoa. Parokia ya St. Mary's ikampa dola 3,000 na jengo la bekari ya zamani, mpaka leo ile benki ipo na inaitwa St. Mary's Food Bank.

Mimi mtoto wa Muheza wakuu. Kwetu msimu ukikolea chungwa linaozea chini ya mti, bei ikishuka hata mchumaji unashindwa kumlipa, unaliacha hapo hapo. Nimekua nakanyaga machungwa yaliyooza njia nzima ya kwenda shule. Kumbe kuna mtu aliona kitu kile kile nilichokuwa naruka mimi, akaanzisha benki!

Sasa nije kwenye kilichonileta. Tangu enzi za korona kituo chetu kilikuwa kinagawa maboksi yaliyofungwa tayari, gari linapita, unafungua buti, unatupia boksi, gari linaondoka, next. Haraka sana na hamna msongamano, na kwenye fomu tunaandika familia imehudumiwa, paundi 40 za chakula. Safi.

Siku moja mama mmoja wa Kikongo, mtu mzima, ananiita "mwanangu", akaniomba nipite kwake nimsomee barua ya serikali. Nimefika, barua nimesoma, akaniambia "mwanangu kabla hujaenda niambie na hii, hii ni dawa ya nini?" Akainama akatoa kopo chini ya kitanda. Ni kranberi, ile jeli nyekundu Wamarekani wanakulia bata mzinga sikukuu yao ya Novemba. Nikachungulia uvunguni, makopo yamepangwa kama dukani, kranberi, boga la kopo la kutengenezea keki, bitiruti, na nyama ya nguruwe ya kopo ambayo yeye ni Msabato na haigusi kabisa. Nilihesabu 14. Nikamuuliza kwanini hutupi mama, akashangaa, "chakula nitupe? mimi niliyekaa kambini miaka kumi na tisa?"

Yani kwenye karatasi zetu yule mama ameshiba. Na ndani kwake wiki hiyo kulikuwa na nusu mfuko wa unga.

Wahenga wanasema mwenye njaa hana miiko. Nimekuja kuona huu msemo ni wa mtu aliyeshiba. Karibuni mniponde.

#2 Ngosha wa Temeke

Mkuu nakuponda kama ulivyoomba. Mtu kapewa bure, kaletewa mpaka kwenye buti ya GARI (masikini ana gari, tuanzie hapo), bado anachagua? Bibi yangu mwaka wa njaa alikula ming'oko na mizizi mingine hata jina siijui. Sisi huku Bongo tunasaidiana ndugu kwa ndugu, jirani anaomba kibaba anapewa, hizo benki za chakula ni za watu walioua undugu wao. Alafu mkiwaachia wachague si watabeba vizuri vyote wakauze?

#3 Mama Sombe

Jambo bandugu. Mi niko Louisville, Kentucky, nilitoka Nyarugusu 2016. Vile huyu kaka anasema ni kweli kabisa. Kule kambini tulikuwa tunapata unga, maharagi, mafuta, chumvi, kadi iko mukononi, unajua mwezi huu utapata nini. Kilikuwa kidogo lakini kilikuwa chakula. Na bale babakiaka kule banalia, 2023 ration balikata mpaka nusu. Huku chakula ni kingi sana lakini siyo chakula, unaelewa? Mi nilipewaka siagi ya karanga, nikafurahi, nikasema leo natia mu sombe (majani ya mihogo, beye banaita kisamvu) sawa kwetu. Kumbe ile ya huku iko na sukari ndani! Sombe ikakuwa tamu sawa keki, batoto bakakataa, mi nikakula peke yangu siku tatu juu siwezi kumwaga.

Ngosha, wewe unaandika gari. Huku bila gari haufiki ku kazi. Gari yangu ni ya mwaka 2006 na mulango moja haifunguki.

#4 Chungwa_la_Muheza

Mama Sombe umenichekesha na umeniumiza kwa pamoja, hiyo ya sombe tamu nimeshaisikia huku nyumba tatu tofauti.

Ngosha nakujibu. Undugu sijaukataa, nimelelewa nao, ila undugu unafanya kazi pale ambapo mmoja anacho. Ukikaa mtaa mzima mmeletwa mwaka mmoja, mnafanya kazi kiwanda kimoja cha kuku, mkipunguzwa mnapunguzwa wote, nani anamuomba nani kibaba? Na fudstempu, yani SNAP, ile kadi ya serikali ya kununulia chakula, ndio ilikuwa mhimili. Novemba 2025 serikali ilipofungwa pesa za kadi zikasimama, watu kama milioni 42 wanaitegemea hiyo kitu, foleni yetu ilizunguka kanisa mara mbili mpaka mchungaji akawa anaongoza magari mwenyewe na kizibao cha njano. Na kabla ya hapo, Julai mwaka huo huo, ilipita sheria inayowatoa wakimbizi kwenye kadi mpaka wapate grin kadi. Wateja wangu wengi wamo humo humo.

Hilo la kuuza. Ni kweli lipo, nimewahi kuona mtu anauza makopo yetu mnadani. Alikuwa anauza bitiruti apate hela ya unga. Sasa huyo ni mwizi au ni mtu anayetufundisha kazi?

Na la kuchagua, ngoja niwape stori ambayo hata mimi sikuamini nilipoisikia, nikaenda kuisoma mwenyewe. Sio watu tu walikuwa wanapewa vitu wasivyovitaka, hata mabenki yenyewe yalikuwa hivyo hivyo. Zamani kiwanda kikitoa lori kwa ule mtandao wa taifa, makao makuu wanaangalia foleni, benki gani zamu yake, wanapiga simu, lori lako hili hapa, chukua au acha, usafiri juu yako. Na hesabu ni ya uzito, paundi ya viazi sawa na paundi ya siagi ya karanga. Ikawa inatokea viazi vinapelekwa Idaho. Idaho wakuu! Huko ndiko viazi vinalimwa mpaka vinamwagwa, ni kama upeleke machungwa Muheza au ndizi Bukoba.

Wakaita maprofesa wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakatengeneza mnada ulioanza 2005. Kila benki inapewa pesa za bandia, haziwezi kununua kitu kingine chochote duniani, unapewa kulingana na wingi wa masikini wa eneo lako. Mara mbili kwa siku malori yanapigwa mnada kwenye kompyuta. Zilizotumika leo, ikifika usiku zinagawanywa tena kwa wote, kwahiyo anayenunua sana anazirudisha kwa wenzie. Mwenye viazi vingi anaviuza kwa wenzie anapata pesa za bandia anaenda kugombea pasta. Na lori ambalo hakuna anayelitaka bei inaenda chini ya sifuri, yani unalichukua na unalipwa kulichukua!

Wakati wanajadili, mkurugenzi mmoja kutoka Michigan aligoma kabisa, akasema yeye ni msoshalisti, haamini soko, ndio maana anaendesha benki ya chakula. Hata mimi ningegoma, sisi tuliokulia kwenye simulizi za Azimio la Arusha ukisikia mnada wa chakula cha masikini damu inachemka. Lakini matokeo yalikuwa mboga mboga zikawa karibu na bure, mwenye kuzihitaji anabeba anavyotaka, pasta na nafaka za asubuhi ndio zikapanda, kwasababu hazipatikani kirahisi kwa majirani. Na chakula kilichokuwa kimelala kwenye maghala bila kazi kikaanza kutoka.

Kwahiyo wakubwa wa maghala walipewa haki ya kusema "hiki sitaki, nipe kile" tangu 2005. Mama wa uvunguni bado anatupiwa boksi kwenye buti.

#5 Kijana wa Marikiti

Niaje wasee. Mimi niko Nairobi, nilibeba mzigo soko la mboga la Marikiti miaka minne kabla nipate kibarua ingine. Mkubwa wa uzi umenigusa hapo kwa machungwa. Hapa saa nne asubuhi mzigo ishaanza kulainika, jua ikipanda nyanya inakuwa supu ndani ya kreti, na mwenye mali anajua kesho hawezi kuuza lakini anangoja mpaka jioni labda mtu atakuja, mwishowe inatupwa. Si roho mbaya, ni matumaini tu.

Huku kuna Food Banking Kenya, wameanza 2017, wanachukua mboga na matunda kwa mashamba na masoko wanapelekea mashule na makao ya watoto. Kitu imenishangaza ni mishiri, zile French beans za kijani. Ile mishiri ya kuuzwa Ulaya ikiwa imepinda kidogo, au fupi kuliko kipimo, inakataliwa, na haina shida yoyote. Na sisi hapa hatuli mishiri sana, so ikikataliwa inabaki kwa ng'ombe. Sasa ukipelekea shule mishiri kilo mia mbili cook anakuangalia tu, anataka sukuma na cabbage. Ni hiyo story yako ya kranberi tu, ni vile huku kranberi yetu ni ya kijani.

#6 Mswahili wa Leicester

Assalaam aleikum. Uingereza mambo ni tofauti kidogo. Huku ukitaka chakula kwenye vituo vya Trussell, mtandao mkubwa wa benki za chakula, kwa kawaida unahitaji vocha, unapewa na daktari, shule, au ofisi ya ushauri, ndio uende nayo upate chakula cha siku tatu. Mwaka 2023/24 wao peke yao walitoa vifurushi zaidi ya milioni 3. Mimi nimeenda mara moja, 2022, mume amekatwa saa kazini na umeme umepanda. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, dada wa kujitolea akanipa chai, akaniuliza kama tuna jiko la kupikia au tuna kettle tu. Sikuelewa kwanini anauliza. Baadae ndio nikajua kuna watu hawapewi wali wala maharage makavu kwasababu hawana hela ya kuyachemsha, wanapewa vya kumwagia maji ya moto tu. Hilo swali lilinipa heshima kuliko chakula chenyewe, wallahi. Aliuliza.

Nikamwambia halali tafadhali, akasema kila kitu humo ni mboga na samaki, usijali dada.

#7 Ngosha wa Temeke

Sawa nimerudi, nimepunguza kidogo. Dada wa Leicester pole. Ila swali langu la kiufundi halijajibiwa, mkuu Chungwa, mlifanyaje sasa hapo kituoni kwenu? Maana kusema wachague ni rahisi. Weka meza ya chakula cha bure Mbagala uone kama haitavunjika.

#8 Chungwa_la_Muheza

Haha Ngosha swali zuri na ndio hilo hilo kiongozi wetu wa kituo alilonijibu. Nilimpelekea stori ya uvunguni, akaniambia anaelewa ila hatuna muda, watu watagombania, na boksi ni usawa, kila mtu kapata sawa na mwenzie. Nikanyamaza, mimi nani.

Kilichobadilisha ni uhaba wa watu sio hekima. Jumamosi moja vijana wa chuo wanaofungasha maboksi walikuwa na mitihani, tuko watu watano tu, foleni imeshajaa, hamna boksi hata moja. Kiongozi akasema basi toeni meza, pangeni vitu watu wapite wajichukulie wenyewe. Tukapanga meza sita kwenye ukumbi, mimi nimewekwa ya maharage na unga kwasababu ya lugha. Niliogopa kweli, nilikuwa namuwaza Ngosha na Mbagala yake.

Hamna aliyegombana. Watu walikuwa wanatembea taratibu kama wako kwenye maonesho. Kuna baba alishika kabichi akaigeuza geuza, akaibonyeza, akairudisha, akachukua nyingine. Jamani kitu kidogo hicho, kubonyeza kabichi. Kule kwenye boksi unapata kabichi niliyobonyeza mimi, na mimi nina haraka. Maharage makavu ambayo Wamarekani wenzetu kila wiki wanatuachia kwenye kona yaliisha saa mbili asubuhi. Unga wa mahindi ulikuwa wa njano na wenye chenga, akina mama wakaanza kubishana mezani kwangu kama unasonga ugali au unapika uji tu, Mkongomani mmoja akasema ukichanganya na wa ngano bugali inashika, foleni ikasimama dakika tano watu wanapeana resipi, kiongozi ananikodolea macho.

Jioni tulivyofunga hesabu, chakula kilichotoka kilikuwa kichache kuliko siku za maboksi kwa idadi ile ile ya watu. Watu walichukua PUNGUFU. Mtu akijua wiki ijayo atachagua tena habebi asichokihitaji. Kilichobaki mezani ndio kilitufundisha, bitiruti zote, kranberi zote. Sasa hivi tuna kadi ya pointi, familia kubwa pointi nyingi, nyama na mafuta yana pointi za juu, mboga pointi sifuri. Ndio ule mnada wa Chicago kwa kadi ya manila.

Matatizo yapo sidanganyi. Wazee hawawezi kusimama muda mrefu. Anayekuja saa nne anakuta mafuta yameisha, kwenye boksi angeyapata. Na kuna mzee mmoja wa Kimarekani alisema wazi alipenda zaidi boksi kwasababu alikuwa anakaa ndani ya gari na hamna jirani aliyemwona. Hilo sina jibu lake mpaka leo.

#9 Kijana wa Marikiti

So Muheza unaeza fanya hii maneno?

#10 Chungwa_la_Muheza

Nimeliwaza sana hilo zamu za usiku. Chungwa peke yake hapana, Tanga kila mtu ana chungwa wakati mmoja, utampelekea nani, ni viazi vya Idaho. Ungetakiwa uwe na mtu wa Ilula mwenye nyanya zinazomwozea kwenye matenga, mtu wa Lushoto mwenye kabichi, na lori ambalo halirudi tupu. Kikwazo sio chakula, ni lori na baridi. Alafu na woga, mwenye duka anaogopa akitoa kitu mtu akaumwa tumbo atashtakiwa. Huku hilo walilimaliza kwa sheria ya 1996, inaitwa ya Bill Emerson, ukitoa chakula kwa nia njema na hukufanya uzembe mkubwa, hushitakiwi. Kabla ya lori ningeanza na karatasi ya namna hiyo.

#11 Mama Sombe

Kaka na ile mama ya mikebe? Balimufanya nini? Iko na mikebe yake bado?

#12 Chungwa_la_Muheza

Mama Sombe nilisahau kabisa.

Jumamosi ya pili ya meza alikuja na begi la magurudumu, zito, nikajua anataka kubeba vingi nikaanza kujiandaa jinsi ya kumwambia pointi zake. Akalifungua mbele yangu, makopo yote 14, ameyafuta vumbi moja moja. Akaniuliza meza ya kurudisha iko wapi. Hatukuwa na meza ya kurudisha. Tukasogeza viti viwili tukaweka ubao juu yake, akayapanga mwenyewe, lebo zinaangalia mbele.

Hazikupita dakika kumi yule mzee wa Kimarekani, yule wa kukaa ndani ya gari, siku hiyo alishuka. Akaona kranberi akachukua makopo matatu, anacheka kama mtoto, akaanza kunielezea marehemu mkewe alivyokuwa anaipika na maganda ya chungwa. Mama kanivuta shati, "anasema nini?" Nikamtafsiria. Akamwangalia yule mzee muda mrefu, akaniambia, "mwulize chungwa analitia lini, mwanzo au mwisho."

Haya wakuu, kesho zamu inaanza saa kumi na moja. Nitasoma comments nikirudi.